Risiti ya Mundu

Nimeikunja mara nne, nimeiweka kwenye kitabu cha sala:
"Mundu mmoja. Mpini wa mti. Umetumika."
Muhuri wa buluu, saini kama kuku aliyeparura.

Umetumika, kweli.
Mama alinipa siku nilipoolewa huku Uru,
makali yamefungwa kwa ganda kavu la mgomba.
Umelisha ng'ombe wanane, mmoja baada ya mwingine,
na usiku mmoja ulikata kamba
iliyokuwa inamnyonga mbuzi wa jirani.
Hayo hayamo kwenye risiti.

Aliyeandika ni Apolinari wa Evarista,
yule aliyekuja kwangu kula ndizi za kuchoma
na kamasi puani.
Sasa ana buti, ana redio inayokoroma begani.
"Shangazi," akasema, "mpaka umehama."
"Umehama kwa miguu ipi?"
Akatazama kando. Haya anazo bado;
namshukuru Evarista.

Zamani tuliita Nusu Maili:
siku mbili kwa juma, wanawake, kuni na majani.
Nusu wameila.
Imebaki maili, ya kutazama.

Sisemi msitu ukatwe.
Mwaka ule moto ulipopanda, nani alipanda nao
na matawi mabichi, na udongo kwenye mapakacha?
Apolinari alikuwa mgongoni kwa mama yake, anakohoa.
Mfongo wetu unanyonya kwenye mizizi ile.
Zamu yangu ni Jumanne, tangu jogoo wa pili
hadi jua liguse mnara wa kanisa;
mume wangu aliniachia hiyo, na madeni.
Msitu ukiugua, mimi ndiye naona kwanza,
maji yakija membamba, yana mchanga.

Mchanga.
Chini korongoni lori linashuka tupu,
linapanda limeshiba, linaguna kama mjamzito.
Linabeba mawe ya mto, moramu, kingo zenyewe.
Kibali kimebandikwa kwenye kioo,
na hakuna mwenye buti aliyemwambia dereva
kwamba mto una mpaka.

Mwanangu Gaspari yuko kule na sepetu.
Jioni anarudi mweupe kwa vumbi,
ananipa elfu tatu, elfu nne.
Nanunua dawa ya kupe.
Napokea, ndiyo. Niandikieni na hilo.

Juzi afisa alikuja na shuka jeupe, akatuonyesha picha:
mbega, theluji ya zamani, theluji ya sasa,
na mshale mwekundu unaoelekea kwetu.
"Jamii inayozunguka hifadhi," akatuita.
Sisi hatuzunguki, bwana. Tuko hapa tu.
Wanaozunguka ni wageni, wenye fimbo mbili mbili.
Nikanyoosha mkono:
"Mundu wangu unalala wapi?"
Watu wakacheka. Afisa akaandika: changamoto.

Nyuma ya zizi wameweka bikoni ya saruji,
hatua tatu ndani ya sale alilopanda baba mkwe.
Masika haya sale limetoa jani.
Bikoni imetoa kuvu.

Ijumaa nikaenda ofisini, nikalipa faini.
Wakafungua stoo.
Miundu, jamani. Miundu hadi dirishani,
imelaliana kama samaki waliokauka.
Nikatafuta mpaka mgongo ukaniuma. Wangu haumo.
"Mama, chukua wowote. Yote si chuma?"

Nikauona wa Ndeonasia, mpini umefungwa waya.
Alikufa mwaka juzi; wiki zake za mwisho
alimkatia ng'ombe majani kwa kisu cha mboga.
Nikauchukua.

Lakini Ndeonasia alikuwa wa mkono wa shoto.
Makali yamenolewa upande ule mwingine;
nikivuta, unateleza, unatafuta kidole.
Basi asubuhi hizi, kabla ya maziwa,
nasimama kihambani, ndani ya bikoni,
nafundisha mkono wa kushoto kukata.
Ng'ombe ananitazama. Ana njaa,
hajui nimechelewa kwa ajili gani.